Pete na Uzi Mwekundu

Winifred Tranter hakulia. Siku ile karibu kiwanda kizima kilitoa machozi, wengine kwa furaha, wengine kwa hofu iliyowatoka ghafla, lakini yeye alisimama mlangoni pa chumba cha maparachuti, makasi yakining'inia shingoni, akamtazama mwanamume anayempenda akitambaa kutoka kwenye ndege inayofuka moshi. Alichokisikia moyoni kilikuwa hasira.

Alec Rudd alikuwa rubani wa majaribio. Kazi yenyewe ilikuwa ya kiwendawazimu ukiitazama vizuri: unapanda ndege ambayo hakuna aliyewahi kuipanda, unaipeleka juu, unaitesa kwa makusudi mpaka iseme ubovu wake, halafu unairudisha chini ukawaeleze mafundi. Vita ilikuwa katika mwaka wake wa nne, na kiwanda cha Pembrook kilikuwa na ndege moja tu ya aina ile mpya, iliyojengwa kwa miezi minane. Asubuhi hiyo injini ilishika moto hewani. Waliokuwa kwenye redio walimwambia ruka. Wakamwambia tena, ruka! Naye akajibu kwa upole, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai, kwamba anadhani ataweza kuifikisha.

Akaifikisha kweli. Moto ulikuwa unalamba kioo, nyusi zake zote mbili zimeungua, kifundo cha mkono wa kushoto kimechubuka ngozi. Watu wakambeba juu juu. Winifred aliwapenya, akamfikia, na wala hakumtazama usoni. Alitazama parachuti iliyoning'inia nyuma ya mapaja yake, ile ambayo rubani huikalia akiwa ndani ya ndege. Kila mkunjaji wa maparachuti, na Winifred alikuwa mmoja wao, alifunga kazi yake kwa uzi wa rangi yake, uzi mwembamba unaokatika mara tu mpini unapovutwa. Wa Winifred ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mzima.

"Winnie!" Alec alimwita kutoka mabegani mwa watu, anacheka. "Winnie, nimerudi!"

Winifred alisonya, akageuka, akarudi ndani.

*

Jumapili baba yake alimwalika Alec chakula cha mchana.

Hapo ndipo palipokuwa na ajabu. Enoch Tranter, msimamizi wa banda la mikia ya ndege, mjane mkali mwenye mikono kama koleo, alikuwa amemkataa Alec tangu Krismasi. Alec alipomvisha binti yake pete, Enoch aliitazama mara moja tu. "Marubani wa majaribio hawazeeki," alisema. "Sikukulea uwe mjane ukiwa na miaka ishirini na minne. Pete hiyo uivae nje ya nyumba yangu." Na kazini napo Winifred hakuweza kuivaa, maana mkunjaji wa parachuti haruhusiwi kuwa na chochote kidoleni. Pete ikinasa uzi mmoja wa hariri, hariri inachanika, na ikichanika kuna mtu anakufa. Kwa hiyo pete ya watu ilikuwa inashinda kwenye kisahani karibu na mlango, na Winifred alikuwa anaivaa njiani tu, asubuhi akienda na jioni akirudi.

Leo Enoch huyo huyo alisimama mlangoni amevaa tai.

"Pita, mwanangu, pita. Usikae hapo. Kaa hapa, kiti changu hiki."

Winifred nusura aangushe bakuli la mchuzi wa sungura. Kiti cha baba! Hata kasisi hakuwahi kukikalia.

"Baba, si juzi tu ulisema huyu asivuke kizingiti chako?"

"Juzi ni juzi." Enoch alikuwa ameshafungua chupa ya pombe ya tufaha aliyoificha tangu kabla ya vita. "Mtu anayeirudisha ndege yangu nyumbani huku moto umemkalia usoni, huyo ni mwanamume. Sina neno tena. Mchukue, Alec. Nimeridhia. Mkitaka hata Jumamosi hii."

Alec aliinua macho yake ya kijivu kumtafuta Winifred. Bila nyusi alikuwa na sura ya mtoto aliyeshtuliwa usingizini, na furaha iliyokuwa machoni humo ilimchoma Winifred kuliko kitu chochote. Alitamani kumkumbatia. Alitamani pia kumtupia viazi.

Alilibwaga bakuli mezani. "Hakuna harusi."

"Unasemaje?"

"Masikio yenu mazima. Nimesema hakuna harusi."

"Winnie," Alec alianza, "tafadhali..."

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja." Alimgeukia baba yake. "Nimekusihi tangu Krismasi. Nimekubembeleza, nimekununia, nimekupikia mpaka mgawo wangu wa siagi. Ukakataa katakata. Leo kakaribia kuwa mkaa, ndiyo umempenda?"

"Usinivunjie heshima mbele ya mgeni."

"Mgeni gani? Si umempa kiti?"

Enoch aligonga meza. "Ndege ile ni moja! Moja tu, binti! Ingeanguka tungeokota majivu, na majivu hayasemi kitu. Sasa tumeliona bomba la mafuta lilipopasuka, tumelibadilisha, kwisha. Ungependa vijana wa watu wakalijue wenyewe huko vitani? Alec alijua cha kufanya. Na si nilimwambia mwenyewe kwa kinywa changu kwamba..."

Akakatisha. Akaichukua chupa, akajimiminia, ingawa glasi yake ilikuwa imejaa.

"Ulimwambia nini?" Winifred aliuliza taratibu.

Alec alikuwa anaikodolea macho kabichi iliyo mbele yake.

"Alec. Alikuambia nini?"

"Maneno ya kupita tu, mpenzi. Mtu anaongea huku anakaza skrubu."

"Yaseme."

"Nitayasema mimi, sioni aibu," Enoch alisema, ingawa shingo yake ilikuwa nyekundu. "Nilimwambia rubani atakayeiacha ndege yangu ianguke asije kwangu kuniomba binti. Ndiyo. Na wewe ungekuwa umetoa jasho lako miezi minane ungesema hivyo hivyo."

Winifred alivua aproni. Aliikunja vizuri, mara nne, kama alivyozoea kukunja kila kitu, akaiweka juu ya kiti, akatoka nje.

*

Alec alimkuta nyuma ya nyumba, katikati ya matuta ya kabichi.

"Winnie."

"Unaungua moto, unawaza posa!"

"Haikuwa hivyo."

"Ilikuwaje? Niambie. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Alec, maana leo nitakupiga na jembe."

Alec alijaribu kucheka, akaona jembe kweli liko karibu, akaacha. Alijikuna pale nyusi zilipokuwa.

"Nilishafungua," alisema mwishowe. "Kile kioo cha juu. Nilishakirudisha nyuma, na upepo umeingia, na mguu mmoja uko juu ya kiti. Nikamsikia baba yako kama amekaa nyuma yangu. Nikakaa tena."

"Mungu wangu."

"Lakini si hilo tu! Usinifanye mjinga wa posa. Wapo watoto wa miaka kumi na tisa wanaisubiri ndege hii. Hata ndevu hawajaota vizuri. Wao hawataambiwa wafanye majaribio, wataambiwa pandeni. Ubovu nisioupata mimi wataupata wao, na watakuwa wanapigwa risasi wakati huo huo. Nikiruka, ndege inakwenda na siri yake. Nifanyeje?"

"Na nini tena?"

"Hakuna tena."

"Kipo. Nakujua. Ukidanganya unatazama pembeni."

Alec alimtazama moja kwa moja sasa, naye alikuwa amekasirika. "Haya! Naipenda. Umefurahi? Ikianza kunitikisa kule juu, ninaposikia inataka kunishinda, siwezi kukubali. Sitaki initoe. Nakuwa mzima kuliko nilivyo mahali popote, isipokuwa hapa na wewe. Ndivyo nilivyo. Ndivyo ulivyonikuta."

Hilo ndilo lilimuuma Winifred, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu alimpenda kwa hilo hilo. Siku ya kwanza alipomwona akishuka kwenye ndege na nywele zimemsimama, uso unang'aa, alisema moyoni, huyu. Hakujua kwamba siku moja atauchukia uso ule kwa kung'aa kwake.

"Sikiliza," alisema, na sauti ilianza kumvunjika kwa ghadhabu. "Mimi nakunja ile hariri. Kila mkunjo, kila kamba. Naujua uzito wako. Najua bega lako la kushoto liko chini kuliko la kulia. Wenzangu wanakunja huku wanaimba, mimi siimbi, maana nikikosea ni wewe. Halafu unaichukua unakwenda kuikalia! Umeifanya mto, Alec! Kazi yangu yote, mapenzi yangu yote, ni mto wa makalio yako!"

Kama si hasira wangecheka wote wawili. Alec alinyoosha mkono wake mzima kumshika shavu. Winifred aliuona mkono ule ukija, aliutaka, na akarudi nyuma hatua moja.

"Leo usiniguse."

*

Alhamisi ndege ilikuwa tayari tena. Jaribio la siku hiyo lilijulikana kiwanda kizima na hakuna aliyelitaja kwa sauti: kupanda juu kabisa, kisha kuigeuza pua chini na kuiachia kwa kasi yake yote.

Alec alikuja kwenye dirisha la chumba cha maparachuti. Hawakuwa wamesemezana tangu Jumapili. Winifred aliileta parachuti, akaiweka kwenye meza ya dirisha. Alec aliupitisha mkono aichukue, kisha akasita. Alikuwa ameona kisahani karibu na mlango kikiwa kitupu.

"Pete iko wapi?"

"Humo."

Alec aliitazama parachuti, akamtazama yeye. "Umetia chuma kwenye hariri? Wewe?"

"Mimi si mwehu. Nimeishona upande wa ndani wa kifuniko, haigusi hariri wala kamba. Ukivuta mpini, kifuniko kinafunguka na pete yako unaiona. Usipovuta, huioni. Na ukijaribu kuchungulia, uzi wangu utakatika nami nitajua."

"Winnie, ukigundulika unafukuzwa kazi."

"Basi kawaambie."

"Na nikishuka nayo salama? Ikiwa haina tatizo?"

"Ikiwa haina tatizo, shuka kwa miguu yako, uniletee parachuti yangu. Nitaikata pete mwenyewe, niivae, Jumamosi twende kanisani. Lakini ikikuharibikia ukaing'ang'ania, Alec, hata ushuke mzima, hata wakubebe tena mabegani, hata baba akupe na kitanda chake, mimi na wewe basi. Sitamzika mtu ambaye nilimpa njia ya kutokea akaikalia."

"Hivyo ni vitisho."

"Ndiyo."

Walitazamana. Huko nje fundi alikuwa anamwita rubani kwa jina, mara moja, mara mbili. Macho ya Alec yalipita taratibu juu ya paji lake, midomo yake, vidole vyake vitupu mezani, kama mtu anayefunga nyumba na kuangalia kila dirisha.

"Sijawahi kukuona umependeza namna hii," alisema.

"Nenda zako."

Akaenda. Alipofika katikati ya majani ya uwanja, Winifred alifungua kinywa amwite. Akakifumba.

*

Ndege iliporuka, Enoch alikuja kusimama kando ya binti yake. Nao walikuwa hawasemezani. Siku zote hizo chai ilikuwa inawekwa mezani bila neno.

"Mkia nimeukaza mwenyewe," Enoch alisema huku anatazama juu. "Kila skrubu."

"Sijakuuliza."

"Nakuambia tu."

Kule juu ilikuwa nukta. Nukta ikageuka, ikaanza kushuka. Sauti ilichelewa kufika, kisha ikafika yote kwa pamoja, mlio mwembamba uliozidi kupanda mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Winifred alikuwa amekaza meno. Inainuka sasa, alijiambia. Sasa anaivuta, sasa inainuka.

Kitu kidogo chenye kumetameta kilichomoka nyuma ya ndege, kikaanza kuelea peke yake.

"Mkia," Enoch alisema. Alilitaja neno hilo kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Ndege ilianza kuzunguka. Pua, bawa, pua, bawa. Hakuna kilichotoka ndani yake. Amekaa, aliwaza. Anaing'ang'ania. Anaipenda na amekaa, na mimi nimemwachia pete awe nayo kaburini. Akamchukia kwa moyo wake wote, na angetoa mikono yake yote miwili ili amwone hai.

Ndipo aliposikia ukelele pembeni yake. Baba yake alikuwa ametoka mbio kwenye majani, kofia imemdondoka, ngumi zote mbili juu, anaifokea mbingu.

"Ruka! Ruka, mpumbavu wee! Iache! Iache hiyo takataka, mwanangu, ruka!"

Hata mafundi waliokuwa wanakimbilia gari la zimamoto walisimama kumshangaa. Mzee Tranter, na ndege yake!

Nukta nyeusi ikajitenga na ile ndege. Ikaanguka, ikaanguka, ikazidi kuanguka. Kisha hariri ikafunguka juu yake, nyeupe, nzima, kila mkunjo ukiwa umetii.

Ndege ilijipigiza nyuma ya miti na ardhi ikatikisika. Winifred hakuiangalia. Alikuwa ameshaanza kukimbia.

*

Alimkuta amekaa kwenye tope la shamba la viazi, hariri imetanda matuta kumi nyuma yake, mguu mmoja umekaa vibaya. Damu ilikuwa inamtoka puani. Na alikuwa amefura kwa hasira.

"Miezi minane!" alimpigia kelele kabla hajafika. "Miezi minane, Winnie, imekwenda! Pengine ningeishika. Sekunde mbili tu, ningeishika!"

"Ungeishika wapi? Haikuwa na mkia, Alec!"

"Najua haikuwa na mkia!"

"Basi usinipigie kelele!"

"Na wewe usinipigie kelele, nimeruka! Si ulitaka niruke? Nimeruka!"

Kisha uso wake ukavunjika, akaanza kulia, kwa nguvu, bila aibu, mwanamume mzima katikati ya viazi. Winifred akapiga magoti kwenye tope, akakishika kichwa chake, akakibana kifuani, huku bado anamtukana, mjinga, kichwa kigumu, umenitia wazimu. Chini yao kifuniko cha parachuti kilikuwa wazi. Pete ilikuwa inaning'inia hapo kwenye uzi mwekundu.

"Watajenga nyingine," Alec alisema mwishowe, mdomo uko shingoni mwake.

"Najua."

"Nitaipanda."

"Najua, mshenzi wewe. Nami nitaikunja parachuti. Lakini umejua sasa kuwa inafunguka."

Enoch alifika anahema, uso umekuwa rangi ya karatasi. Alec alijitahidi kuinuka kwa mguu mmoja.

"Mzee Tranter, nisamehe. Ndege yako..."

"Nani kakuuliza habari za ndege?" Enoch alinguruma. "Eh? Kuna mtu hapa kakuuliza habari za ndege?" Akawapa mgongo ghafla, akatafuta kofia ya kujifutia uso, akakuta hanayo, akatumia mkono wa koti. Aliangalia moshi nyuma ya miti. "Mkia tutautafuta," alisema bila kugeuka. "Tutaokota kila kipande mpaka tujue nilikosea wapi."

Winifred alichukua makasi yaliyokuwa shingoni, akakata uzi. Alec aliichukua pete kwa vidole vyenye tope na masizi, akajaribu mara tatu kumvisha. Ikaingia.

Upepo ukainua hariri, ikaanza kuburuzwa kuelekea kwenye senyenge.

"Winnie!" Enoch alishtuka, kazi ni kazi. "Hariri hiyo inachanika! Ikusanye, ikunje upesi!"

Winifred hakuinuka. Alikuwa ameshika mkono wa Alec kwa mikono yake yote miwili.

"Ikunje wewe, baba," alisema. "Mimi nina pete kidoleni."